Seti mbili za pedi ndani ya miezi minane: kisa cha Vitz iliyoishiwa breki mteremko wa Lushoto

Gari hili lilipita gerejini kwetu Tanga. Namba zake, jina la mwenyewe na gereji alizopitia kabla ya kwetu nimeviondoa, na tarehe sitazitaja. Mwenye gari ameniruhusu kukiandika kisa kwa sharti moja tu: nisitaje alikuwa amebeba kabichi ngapi.

Gari na mwenyewe

Ni Toyota Vitz ya toleo la kwanza, cc 997, otomatiki. Mbele ina diski, nyuma ina dramu. Mwenye gari ni mwalimu wa shule ya msingi, nami nitamwita hivyo hivyo, Mwalimu. Nyumba yake iko karibu na bahari na gari hulala nje, kwa hiyo chumvi inalipata usiku na mchana. Kila baada ya wiki mbili hupanda Lushoto kuwaona wazazi.

Safari hiyo ndiyo kiini cha kisa. Kutoka Tanga kupitia Muheza na Korogwe mpaka Mombo, breki hazina kazi kubwa. Kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kilomita 33 hivi za kona na milima. Mombo iko kama mita 400 juu ya usawa wa bahari, Lushoto inakaribia 1,400. Ukishuka na Vitz yenye watu wanne na mzigo, unateremsha zaidi ya tani moja kwa umbali wa kwenda chini wa mita elfu nzima, na nguvu yote hiyo lazima iishie mahali. Niliwahi kuwapigia vijana wangu hesabu: ni kama pasi ya umeme ya wati 1,000 iliyoachwa ikiwaka kwa muda wa saa tatu. Injini na upepo vinaweza kubeba sehemu ya joto hilo. Usipoitumia injini, karibu lote linaingia kwenye diski mbili nyembamba za mbele.

Mlolongo wa matukio

Ilianza na mlio. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa linapiga kelele nyembamba kila akikanyaga breki. Fundi wa kwanza alifungua tairi, akatoa pedi, akazipiga msasa, akaosha kalipa (kile kinachozibana pedi kwenye diski) kwa petroli, akapaka grisi kwenye pini, akafunga. Mlio ukaisha. Mwalimu alilipa shilingi 10,000 akafurahi.

Hapo yalifanyika mambo matatu ambayo hayakuonekana. Kwanza, pedi zilikuwa zimekwisha, maana kwenye pedi nyingi kuna kachuma kadogo kamewekwa makusudi kiguse diski na kupiga kelele zikibaki milimita 2 au 3. Pili, fundi alikakunja kale kachuma kasiguse tena. Najua hivyo kwa sababu pedi moja ya seti hiyo ya zamani Mwalimu alikuwa bado anayo kwenye buti, imefungwa kwenye gazeti. Tatu ni ile grisi. Nitairudia.

Mwezi uliofuata taa nyekundu ya breki ikaanza kuwaka kwenye kona na kuzima. Kijana wa kituo cha mafuta akafungua boneti, akaona oili ya breki imeshuka kwenye kopo, akajaza mpaka mstari wa juu. Taa ikazima. Sasa, oili ile haikuwa imevuja popote. Pedi zikilika, pistoni zinazozisukuma hutoka nje zaidi kuzifuata, na oili hushuka kwenda kujaza nafasi nyuma ya pistoni. Kopo lilikuwa linasema "angalia pedi", na likanyamazishwa kwa chupa ndogo ya oili.

Wiki chache baadaye ikawa chuma kwa chuma, sauti ya kusaga. Fundi wa pili akaweka pedi mpya. Aliposukuma pistoni zirudi ndani, ile oili iliyozidi ikafurika kopo na kumwagika. Siku gari lilipofika kwetu rangi chini ya kopo ilikuwa imebambuka, chuma kimebaki kitupu. Oili ya breki inakula rangi, na alama ile ilinisimulia habari kabla sijamuuliza mtu.

Seti hiyo ilikwenda kilomita 9,000. Pedi za mbele za gari dogo kama hili, kwa matumizi ya kawaida, zinatakiwa kufika 30,000 na zaidi. Fundi wa pili akasema pedi zilikuwa feki, aletewe za bei kubwa. Mwalimu akanunua. Fundi akatoa za zamani, akazitupa kwenye pipa, akafunga mpya. Kilomita 4,800 baadaye, Jumapili mchana, Mwalimu alikuwa anashuka kutoka Lushoto.

Kwenye kona za Soni

Gari lilikuwa na watu wanne, karoti, peasi na zile kabichi. Gia ilikuwa D, ile ya mwendo wa kawaida, tangu alipoondoka nyumbani kwa wazazi. Kabla ya kufika Soni, mji mdogo kati ya Lushoto na Mombo, walisikia harufu ya kitu kinachoungua, wakadhani ni lori la mbele. Lori likaegesha sokoni, harufu ikaendelea kuwafuata.

Walipoipita Soni gari likaanza kuvuta kushoto hata bila kukanyaga breki. Kona mbili baadaye pedali ikaenda chini zaidi ya ilivyozoea, laini, "kama kukanyaga sponji," ndivyo alivyoniambia. Akakanyaga mara ya pili na ya tatu haraka haraka, ikapanda kidogo. Akashusha gia mpaka L, ya chini kabisa, injini ikapiga kelele, gari likapungua mwendo, akavuta hendibreki polepole na kusimama penye upana wa barabara.

Nimezungumza na madereva wa miaka thelathini ambao wasingefanya yote hayo kwa utaratibu ule.

Vijana wa bodaboda wakaja na dumu la maji. Ringi ya kushoto ilikuwa haishikiki, moshi mwembamba unatoka. Wakataka kumwagia. Kaka yake Mwalimu akawazuia, na alifanya vyema: diski yenye joto kali ikimwagiwa maji baridi upande mmoja inaweza kupinda au kupasuka, na raba za kalipa haziponi kwa hilo.

Kisha wakanipigia simu.

"Fundi, breki zimekufa. Tupo chini ya Soni."

"Pole sana, Mwalimu. Watu wazima?"

"Wazima. Tufanyeje?"

Niliwaambia wasubiri saa nzima, wasiguse kitu, kisha ajaribu pedali gari likiwa limesimama. Saa ikapita, pedali ikarudi juu, ngumu. Nikamwambia washuke kwa L, mwendo usizidi kilomita 20 kwa saa, asikanyage breki ila pale inapobidi. Wakafika Mombo salama, gari likalala pale, na Jumatatu likaletwa Tanga juu ya kenta.

Tulichokikuta

Nilimwambia kijana wangu afungue taratibu na apange kila kitu mezani kama kilivyokuwa ndani ya gari, kushoto kushoto, kulia kulia. Tukapima kwa venia unene wa nyama ya pedi, bila bati la nyuma. Seti hii ilipokuwa mpya ilikuwa milimita 10.

Kulia: ya ndani 7.5, ya nje 8. Hiyo ni safi kabisa.

Kushoto, ya nje: 8.5.

Kushoto, ya ndani: upande wa juu milimita 3, upande wa chini haikufika 1. Imelika kama kabari.

Kisa chote kimo kwenye vipimo hivyo. Kalipa ya gari hili ina pistoni moja tu, upande wa ndani. Ukikanyaga, pistoni inasukuma pedi ya ndani, na mwili wa kalipa unateleza juu ya pini mbili kuivuta pedi ya nje nayo ibane. Kalipa isipoteleza, pedi ya ndani inafanya kazi peke yake, na ukiachia breki haipati nafasi ya kuachia sawasawa. Hilo ndilo lililoleta gari kuvuta na harufu ya kuungua. Na kwa kuwa ilikuwa imelika kama kabari, nilijua kabla ya kushika spana kwamba pini moja imekwama na nyingine inatembea.

Ya juu ilitoka kwa vidole. Ya chini tuliitoa kwa jiliwa na nyundo. Pini hiyo ina kipande cha raba kwenye ncha, na raba ile ilikuwa imevimba mpaka imejaza tundu lote, laini, inabonyea kama embe lililoiva kupita kiasi. Ndani ya tundu kulikuwa na grisi ya bluu, ile ya bearing za magurudumu.

Raba za mfumo wa breki hutengenezwa zivumilie oili ya breki. Hazivumilii mafuta yatokanayo na mafuta ghafi. Grisi ya kawaida, petroli ya kuoshea, dizeli, vyote hivyo vinaivimbisha raba ile siku hadi siku. Kwa hiyo fundi wa kwanza, aliyepaka grisi ili pini ziteleze, ndiye aliyezikwamisha. Wa pili alibadilisha pedi mara mbili juu ya pini iliyokwama. Kulia kulinusurika kwa sababu rahisi: mlio ulikuwa kushoto, na kulia hakukufunguliwa kupakwa kitu.

Mengine tuliyoyakuta: diski ya kushoto ilikuwa na rangi ya samawati ya kuungua, na unene wake umeshuka chini ya kipimo kilichochongwa kwenye diski yenyewe baada ya herufi MIN TH, yaani unene wa mwisho unaoruhusiwa. Raba ya vumbi ya pistoni ilikuwa imekauka na kupasuka. Oili kwenye kopo ilikuwa nyeusi kama kahawa.

Oili hiyo inaeleza ile pedali ya sponji. Oili ya breki ya aina ya DOT 3 ikiwa mpya haichemki mpaka ipite nyuzi 205. Lakini inanyonya unyevu wa hewa, na maji yakifika asilimia 3.7 ndani yake, kiwango cha kuchemka kinachotakiwa kinashuka hadi 140. Kwa gari linalolala ufukweni, ambalo oili yake huongezwa tu bila kumwagwa hata siku moja, hapo hapako mbali. Ikichemka, mvuke unaingia kwenye mabomba, na mvuke unabanwa kirahisi. Ndiyo maana pedali ilizama, na ndiyo maana ilirudi baada ya kupoa. Kama zingekuwa pedi tu ndizo zilizozidiwa na joto, pedali ingebaki juu, ngumu, na gari lisingesimama. Dereva anayeweza kueleza pedali ilikuwaje ameshampunguzia fundi nusu ya kazi.

Maamuzi

Mwalimu alikuwa na shilingi 250,000 na hakuwa na nyingine mpaka mwisho wa mwezi. Kila uamuzi ulipimwa juu ya fedha hiyo.

Diski: kuchongesha kwenye mashine ni rahisi kuliko kununua, ila diski iliyoshuka chini ya kipimo haichongwi, unaipunguza zaidi. Ya kulia ilikuwa bado ndani ya kipimo. Nilinunua mbili mpya, kwa sababu diski mpya upande mmoja na ya zamani upande mwingine hubana tofauti. Hapo ndipo fedha kubwa ilikwenda.

Kalipa: wauza spea walinishauri ya mtumba. Nilikataa baada ya kuitoa pistoni yetu na kuikuta inang'aa, haina vishimo vya kutu. Ripea kiti ya raba na pini ilitosha, kwa kalipa zote mbili. Kalipa ya mtumba ingekuja na raba za umri nisioujua, na pengine na grisi ya bluu.

Pedi: za bei ya kati. Nilitazama nyuma ya bati kama kuna herufi mbili za msuguano. Hizi zilikuwa na FF, maana yake zinashika vizuri zikiwa za baridi na zikiwa za moto. EE zingekuwa dhaifu kwa mtu wa milimani. Zile tulizozitoa nazo zilikuwa FF. Hazikuwa feki hata kidogo, na Mwalimu alikuwa ameshazilipia bei ya juu.

Pini tulizipaka grisi ya silikoni, kiasi cha punje ya harage kwa kila moja. Kalipa wakati wa kazi zilifungwa kwa waya kwenye springi zisining'inie kwa mpira wa oili. Pistoni tulizirudisha huku skrubu ya kutolea upepo imefunguliwa na bomba limeingizwa kwenye chupa, ili uchafu utoke nje badala ya kurudi kwenye masta, pampu kuu ya breki. Kisha tukamwaga oili yote na kuweka DOT 4, ambayo inapatana na DOT 3 na haichemki upesi, tukianzia gurudumu lililo mbali na masta.

Nilipopotea

Kazi imekwisha, nimekaa kwenye usukani, nakanyaga: pedali bado ndefu. Ilikuwa ngumu mwishoni, lakini inashuka sana kabla ya kushika. Nikasema kuna upepo umebaki kwenye mabomba ya oili. Tukarudia kutoa upepo magurudumu yote manne. Ile ile. Nikarudia tena, nikamaliza nusu lita ya oili mpya na saa mbili za mchana, nikaanza kuituhumu masta.

Kijana wangu, ambaye ana miezi minne tu kwetu, alikuwa anataka kusogeza gari. Akavuta hendibreki akiwa anahesabu kwa sauti vile vimlio vyake vya "tik" ikipanda, kwa mchezo tu. Kumi na mbili.

Kwenye gari hili inatakiwa ishike kati ya sita na tisa. Tukafungua dramu za nyuma. Vijirekebishi vya brekishuu, zile zinazobana dramu kwa ndani, vilikuwa vimeganda kwa kutu, vyote viwili, na brekishuu zilikuwa mbali na dramu. Kila mkanyago wa kwanza uliishia kuzisogeza tu. Kwa hiyo breki za nyuma zilikuwa zinachelewa na kusaidia kidogo sana, na mbele ndiko kulikobeba karibu kila kitu, siku ya Lushoto na siku nyingine zote.

Nilikuwa nimeliona gari likija juu ya kenta na hendibreki yake imesimama wima kama mlingoti. Sikuitilia maanani, maana akili yangu yote ilikuwa gurudumu la kushoto.

Tukasafisha vijirekebishi, tukavilegeza, tukakaza. Hendibreki ikashika saba, pedali ikapanda.

Matokeo

Kabla ya gari kutoka nilikanyaga pedali mpaka ikawa ngumu, injini ikiwa imezimwa. Ukisahau hilo baada ya kubadilisha pedi, mkanyago wa kwanza barabarani unaenda mpaka sakafuni. Kisha tukaenda njia ya Pongwe kuzizoesha pedi: kutoka mwendo wa 50 mpaka 10 hivi, mara kumi, bila kusimama kabisa, tukiacha zipoe kati ya mara moja na nyingine.

Mwalimu alipitiliza bajeti kwa shilingi 35,000, akazilipa mwezi uliofuata. Baada ya kilomita 11,000, na safari za Lushoto zikiendelea, tulifungua na kupima. Kushoto: ndani 7, nje 7.5. Kulia: 7.5 na 7.5. Pini zote zilitoka kwa vidole. Silinda ya gurudumu la nyuma kulia imeanza kulowa kidogo, nayo tumeipangia mwezi ujao.

Uchambuzi

Fundi wa pili ndiye ninayemfikiria zaidi. Wa kwanza alikosea kwa kutojua aina ya grisi, na kosa hilo wengi tumewahi kulifanya. Wa pili alikuwa na ushahidi mkononi, mara mbili. Seti ya kwanza aliyoitoa lazima ilikuwa imeanza kuonyesha tofauti ya ndani na nje, na angeziweka nne mezani kabla ya kuzitupa angeona. Tangu siku ile gerejini kwetu pedi za zamani hazitupwi mpaka mwenye gari azione na mimi nizipime. Wateja wengine hudhani tunawaonyesha ili kuhalalisha bei, na sawa, hilo nalo limo.

Neno "feki" linahitaji kuangaliwa. Pedi feki zipo madukani, hakuna anayebisha. Lakini pedi mbaya zingelika zote nne. Ikilika moja ikabaki tatu, pedi haina kesi.

Dereva alikosea kushuka na D. Ni kosa la kujifunza kuendesha mjini, hakuna aliyemwambia kwamba 2 na L kwenye otomatiki ni za milimani. Sasa anashuka na 2 kuanzia mwanzo wa mteremko, kabla breki hazijapata joto. Lakini kosa hilo amelifanya mamia ya mara huko nyuma na halikumdhuru. Lilihitaji pini iliyokwama, oili iliyozeeka na nyuma kusikosaidia, vikutane siku moja na gari limejaa.

Langu la kwanza nimeshalieleza: nilipima kushoto nikaridhika, nikachelewa kuangalia nyuma. Sasa kipimo cha kwanza kwenye karatasi yetu ya breki ni hesabu ya hendibreki.

La pili ni ile simu. Nilimruhusu ashuke kutoka Soni mpaka Mombo na oili iliyokwisha kuchemka, eti kwa sababu pedali imerudi. Pedali ilirudi kwa kuwa mvuke ulipoa, maji yalikuwa bado mle mle. Kama angelazimika kukanyaga mara tatu nzito kwa ajili ya ng'ombe au basi, ingezama tena, na safari hii kona haingekuwa na upana wa kuegesha. Nilichotakiwa kumwambia ni abiria washuke wapande gari jingine, na Vitz isubiri pale pale mpaka kenta ipande kuifuata. Niliogopa gharama ya kenta kupanda mpaka Soni, wakati fedha yenyewe haikuwa yangu.

Mwalimu aliniuliza jambo hilo alipokuja kulipa zile 35,000. Aliuliza kwa upole, akiwa anahesabu noti: "Fundi, angekuwa mkeo pale, ungemwambia ashuke?"

Nikamwambia hapana.